Mdhamini wa Arosto

"Wee maiti! Bado unatembea tu? Kaburi lako limeshaota nyasi kwa kukungoja, na sanda yako nimeikata mapazia!"

Ndivyo Sikudhani binti Semvua alivyomsalimia Luhende kila alipokatiza sokoni Tanga, mbele ya wauza samaki, mbele ya mashehe, mbele ya yeyote mwenye masikio. Alikuwa fundi wa betri za pikipiki, mwanamke mpana wa mabega na wa sauti, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Spana yake kubwa hakuiweka chini hata akila.

"Nife nikuachie nani, Mzigua wewe?" Luhende alimjibu. "Babu yako aliuzwa kwa pishi ya mtama, na bado mnunuzi akarudi kudai chenji!"

Watu walicheka wakashika mbavu. Mnyamwezi na Mzigua, bwana! Watani hao tangu enzi za mababu waliopita na misafara ya pembe. Mtani hukutukana, hukunyang'anya kofia kichwani, huingia jikoni kwako akajipakulia, na ukikasirika mjinga ni wewe. Usimwite adui. Huyo ni ndugu, ila mdomo wake ndio mchafu.

Siku ile alikuwepo mtu mmoja ambaye hakucheka. Aliketi mgahawani ng'ambo ya njia, kahawa imempoa mezani, akisikiliza kila neno. Mtaani walimwita Pweza. Mji mzima ulijua kwamba unga wa kulevya uliouzwa Tanga ulipitia mikononi mwake, na hapakuwa na mtu aliyewahi kulisema hilo mbele ya hakimu. Alizaliwa ughaibuni akakulia huko huko. Kiswahili alikijua, tena cha madaha, lakini utani hakuujua hata chembe. Alichokiona yeye ni mwanamke anayemchukia Luhende, teja wa zamani, kwa chuki ya kweli.

Jioni alimfuata Sikudhani kibandani.

"Dada, naona yule teja anakukera sana."

"Yule? Mimi ningempata pahali pazuri ningemzika leo hii."

"Basi niletee. Kesho baada ya adhuhuri, kile kiwanda cha mkonge kilichokufa. Nitakuondolea kero."

Sikudhani alimkodolea macho, akaelewa, akaona raha mpaka miguu ikamwasha. "Nitakuletea," akasema, "tena nitakuletea mbichi."

Usiku haujaingia alikuwa kwa Luhende, anajifuta machozi ya kicheko. "Mtani, nimekuuza! Kuna mpumbavu mmoja kaniamini!"

Luhende hakucheka. Alikuwa mtu mwembamba, mwashi, mwenye makovu ya sindano mikononi yaliyokwisha kukauka, na aliposikia jina la Pweza mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya mtulinga, pale lilipolala kokwa.

Kokwa lile, dogo kama la zambarau, alipandikizwa na Mahakama ya Tiba. Alikuwa amekamatwa na kete za unga wa Pweza mfukoni, na hakimu akampa njia mbili: jela miaka kumi na miwili, au ngazi nne za tiba, na kila Alhamisi asimame mbele ya mahakama aeleze wiki yake ilivyokwenda. Akichelewa kliniki, afagie ukumbi. Akidanganya, alale mahabusu. Akimaliza, kesi inafutwa. Naye alikuwa amefika ngazi ya mwisho. Alhamisi iliyokuwa inakuja ndiyo ya kuhitimu, na anayehitimu husimama akamtaja aliyempa unga, maana mahakama ile iliamini kwamba anayeficha kisima bado ana kiu.

"Anataka nisifike Alhamisi," alisema Luhende.

"Basi twende tukamsikie kwa masikio yetu, ukitaja jina uwe na shahidi. Au umeogopa, Mnyamwezi? Sema nikuazime khanga."

Hapo ndipo walipoharibu. Walipaswa kwenda polisi, wakaenda kwenye utani. Mtu akiitwa mwoga na mtani wake hawezi kubaki nyumbani, na hao wawili walikuwa wametaniana muda mrefu hata wakadhani dunia nzima inatania.

Na jambo la kutisha zaidi Pweza hakulijua. Makokwa hutengenezwa mawili mawili, pacha. Moja huwekwa kwa mgonjwa, la pili kwa mdhamini wake. Wataalamu waligundua kwamba arosto, ile jahanamu ya mwili unaodai unga, inagawanyika kama mzigo. Katika majuma ya mwanzo mgonjwa na mdhamini hutapika pamoja, nusu kwa nusu. Baada ya hapo, mgonjwa akijidunga, kokwa huuzuia unga usifike kichwani. Haonji kitu. Raha yote aliyoitafuta hugeuzwa arosto na kutupwa kwa mdhamini. Serikali ilisema teja hana huruma na nafsi yake, labda atakuwa nayo kwa mwenzake.

Miaka ya mwanzo wadhamini walikuwa akina mama. Jamani, akina mama wale! Watoto walijidunga, mama wakafa vitandani wakisema ni malaria tu. Sheria ikabadilishwa, mdhamini asiwe wa damu. Basi nani? Marafiki walikimbia. Viongozi wa dini waliomba dua wakaenda zao. Waliojitokeza ni watani, wakitukana njia nzima mpaka mlangoni pa daktari. Kokwa pacha la Luhende lilikuwa kifuani kwa Sikudhani, na hilo ndilo Pweza asilolijua.

Jambo moja tu mahakama haikuwa na msamaha nalo. Mgonjwa akilitoa kokwa kwa mkono wake, hapandi tena kizimbani kueleza wiki yake. Ni ile miaka kumi na miwili, moja kwa moja.

* * *

Kiwandani mashine za kukamua mkonge zilikuwa zimeota kutu, na sakafu ilijaa singa kavu na visu vya wakata mkonge wa zamani. Pweza aliwapokea kwa heshima zote, kama mwenye shughuli. Nyuma yake walisimama vijana wake wawili, mmoja mrefu, mmoja mwenye shingo nene.

"Asante, dada," alimwambia Sikudhani. "Kaa ushuhudie."

Shingo Nene alimpiga Luhende ngumi ya tumbo kabla hajafungua kinywa, halafu akamkanyaga mkono mpaka vidole viwili vikalia. Luhende alipiga yowe. Sikudhani alinyanyuka nusu, akakumbuka, akakaa. Alidhani ni kipigo. Kipigo walikuwa wamekitarajia.

"Sikuui," Pweza alisema, akichuchumaa. "Maiti huleta polisi. Ile mashine ya mahakamani inasoma damu, sivyo? Nataka Alhamisi iwasomee kwamba umejidunga. Halafu simama, nitaje. Nani atamsikiliza teja aliyerudia unga? Watakulaza mahabusu, na mahabusu nina watu wangu."

Akatoa bomba la sindano, limejaa.

 Luhende alitaka kupiga kelele, "Usinidunge, mtamuua!" Lakini akisema hivyo amemtaja, na Pweza akimjua mdhamini ni nani hapo hapo, watakuwa wamempa kamba ya kuwanyongea wote wawili. Alimtazama Sikudhani. Sikudhani, midomo imembadilika rangi, alitikisa kichwa polepole: nyamaza.

Akanyamaza. Sindano ikaingia.

Hakuhisi kitu. Wallahi, si joto wala baridi, kama maji yaliyomwagwa juu ya jiwe. Aliyehisi ni Sikudhani. Alidondoka kutoka kwenye gogo alilokalia, akaikunja miguu, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kike wala ya kiume. Alijigonga kichwa sakafuni mara kwa mara. Alitapika chakula, akatapika nyongo. Kucha zake zilichimba saruji mpaka moja ikabanduka.

"Ana kifafa?" aliuliza yule mrefu, akirudi nyuma.

Pweza alisimama akamtazama mwanamke, akamtazama mwanamume, na mdomo wake ukafunguka taratibu. "Wewe?" alisema. "Wewe unayemtukana kila siku ndiye mdhamini wake?" Akacheka, tena kwa mshangao wa kweli. "Nyinyi watu mna wazimu! Basi kazi imekuwa nyepesi."

"Nakubali!" Luhende alilia. "Nitasema nilijidunga mwenyewe! Jina lako silijui, sikujui, hatujawahi kuonana! Bwana, nakubali!"

"Teja hukubali kila kitu," alisema Pweza. "Naye si atasimama kukukanusha?" Akamdunga ya pili.

Sikudhani hakupiga kelele tena. Hilo ndilo lililomtisha Luhende kuliko kelele. Mgongo wake ulipinda kama upinde, jino likavunjika kinywani kwa jinsi alivyoyauma meno, na damu ikatoka puani ikamwingia machoni. Kisha akaanza kutetemeka kidogo kidogo, kama kuku aliyekwisha kuchinjwa. Yule mrefu aligeukia ukuta akatapika. Pweza alikuwa anajaza sindano ya tatu, hana haraka.

Moyo hauvumilii tatu. Daktari wa mahakama aliwaambia hivyo siku ya kupandikizwa, na Sikudhani akamjibu kwamba moyo wake ni wa Kizigua, hata risasi ungeirudisha. Walicheka siku ile.

Luhende aligeuza kichwa akakamata sikio la Shingo Nene kwa meno, akaling'oa. Shingo Nene alimwachia akipiga mayowe, amejishika kichwa, damu inamchuruzika kati ya vidole. Luhende alijitupa kwenye singa, akashika kisu cha mkonge kwa mkono uliobaki mzima. Pweza alirudi hatua kadhaa, akidhani anaendewa yeye.

Angeweza kumwendea. Lakini walikuwa watatu, na sumu ilikuwa tayari imo mwilini mwake ikimtafuna mtu mwingine. Amuue Pweza, Sikudhani angekufa vile vile. Luhende alilijua hilo, na alijua pia sheria inasemaje, neno kwa neno. Akaweka ncha ya kisu chini ya mtulinga wake mwenyewe akakandamiza.

Kisu kilikuwa butu. Ilibidi akizungushe. Aliingiza kidole kwenye kidonda, akalisikia kokwa likiteleza, akalikosa, akachimba tena huku akilia kwa sauti na kumwita mama yake aliyekwisha kufa. Alipolipata alilivuta, na lilitoka na nyuzi zake na kipande cha nyama. Akalitupa.

Pale pale Sikudhani alivuta pumzi ndefu.

Na pale pale dozi mbili zilizokuwa zikibisha hodi ziliingia kwa Luhende pamoja. Ee Mola wangu! Damu inamtiririka hadi kiunoni, mtani wake yuko chini kwenye matapishi, na raha ikampanda kutoka nyayoni, tamu, nzito, ile ile aliyoililia kwa miaka. Alitabasamu. Alijiona anatabasamu na hakuweza kuacha. Kisha akaanguka.

Kilichofuata alikisikia kwa mbali. Sikudhani alikuwa amesimama. Hakuna aliyemtazama, wote walikuwa wakimshangaa teja anayejichinja. Spana ilimpata Pweza kwenye goti kwanza, likavunjika kwa mlio mkavu. Alipoanguka ilimpata tayani, na maneno yake yote ya madaha yakaishia hapo. Yule mrefu alikimbia. Shingo Nene alijaribu kumshika kwa nyuma, akapigwa kiwiko, akapigwa spana, akapigwa tena akiwa chini, na tena, mpaka Sikudhani mwenyewe akaona imetosha.

Ndipo akageuka akamwona Luhende hapumui. "Usithubutu!" alimfokea. "Nitakuzika wima, mbwa wewe!" Akampulizia pumzi kinywani, akamkandamiza kifua kilichochanika, akapuliza, akatukana, akapuliza, mpaka polisi walipovunja mlango. Waliletwa na king'ora cha kokwa, kinacholia mahakamani pindi tu linapong'olewa mwilini. Kama asingelitoa, wasingekuja kabisa.

* * *

Alhamisi ukumbi wa Mahakama ya Tiba ulijaa. Wagonjwa wa ngazi zote walikaa safu za mbele kama kawaida, na wadhamini wao nyuma. Pweza alikuwa hospitali chini ya ulinzi, taya limefungwa nyaya. Luhende alimtaja kwa jina lake kamili, na ukumbi ukampigia makofi. Mahakama ile ilikuwa na desturi hiyo, kwamba kila asemaye kweli hupigiwa makofi, hata kama ukweli wenyewe ni wa aibu.

Hakimu Nakijwa Mbonea alingoja makofi yaishe. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, na usiku wa jana alikuwa hakulala. Asubuhi ile alikuwa ameketi faraghani na mwendesha mashtaka, wakili, daktari na afisa ustawi, kama ilivyo kila wiki kabla ya kikao, na wote watano walitoka hawatazamani.

"Bwana Luhende. Kudungwa kwa nguvu si kosa lako. Hilo limefutwa. Limebaki moja. Kokwa lilitolewa na nani?"

"Mimi!"

Ukumbi mzima uligeuka. Sikudhani alikuwa amesimama, uso umevimba, pengo jipya mdomoni. "Mimi nilimchimbua. Mtani hachukui cha mtani wake akaitwa mwizi, hata watoto wanalijua hilo. Na sheria yenu inasema mgonjwa asilitoe kwa mkono wake. Mkono huu ni wangu."

Wakili alitazama viatu vyake ili asionekane uso. Mwendesha mashtaka, aliyepaswa kusimama apinge, alijifanya anatafuta kalamu. Alama za vidole kwenye kisu zilikuwa za nani, polisi hawakuulizwa, na hakuna aliyetaka kuwauliza. Kila mtu mle ndani aliutaka uongo ule.

"Bwana Luhende," hakimu alisema polepole sana, "mdhamini wako ameshajibu. Unalo la kuongeza?"

Alikuwa anamwomba. Luhende aliliona wazi. Neno moja tu, "sina," na angetoka kwa mlango wa mbele.

Alifungua mdomo alitamke. Ulimi wake ulikuwa na uzoefu. Aliwahi kumwapia mama yake kwa msahafu kwamba hajui nani kauza redio. Aliwahi kulia machozi ya kweli kwa ajili ya msiba usiokuwepo. Uongo huu ungekuwa mwepesi kuliko yote, maana ulikuwa wa upendo. Lakini tangu juzi, kila alipofumba macho, ile raha ilikuwa imekaa pembeni ya kitanda ikimngoja. Kokwa hana tena. Akitoka leo kwa uongo, kesho angedanganya tena, na keshokutwa angekuwa na sindano mkononi, na angemtazama Sikudhani usoni akimwambia ni homa tu. Alijijua.

"Ninalo, Mheshimiwa," alisema. "Nililitoa mwenyewe."

"Nyamaza, mjinga!" Sikudhani alipiga kelele.

"Nililitoa ili asife, na leo nikirudishwa pale nitalitoa tena. Lakini lipo jingine. Unga ulipoingia, nilifurahi. Alikuwa amelala anatapika damu kwa ajili yangu, na mimi nilifurahi, Mheshimiwa. Naogopa. Sijapona."

Hakimu aliinamisha kichwa. Kisha aliweka kalamu chini, akainua mikono, akaanza kupiga makofi. Mwendesha mashtaka akafuata. Wagonjwa wakafuata, safu kwa safu, wengine wakilia, mpaka madirisha yakatetema. Hapajawahi kupigwa makofi marefu kama yale.

Yalipotulia, hakimu alisoma adhabu, kwa kuwa sheria haikumwachia pa kupitia. Miaka kumi na miwili. Aliisoma haraka, bila kuinua macho, na akaongeza kwamba ataiandikia serikali kuomba tiba iingizwe jela. Kila mtu alijua ameshaandika mara ngapi.

"Nilibeba bure?" Sikudhani aliuliza, akimsukuma askari wa kwanza, akimsukuma wa pili. "Mheshimiwa, nipeni lingine! Mpeni na yeye lingine, hata huko jela, nitabeba! Kifua hiki hapa!" Walimzuia watatu. Alikuwa analia kama mtoto, makamasi yanamtoka, mbele ya mji mzima.

Luhende, pingu mikononi, aligeuka mlangoni. Alijua wajibu wake. Mtani wake akilia hivyo, ni kazi yake kumtupia tusi zito, la ukoo mzima, mpaka kilio kigeuke kicheko. Alilitafuta. Alipitia yote aliyowahi kumtukania tangu wajuane, moja baada ya jingine, na hakupata hata moja la kufaa. Askari alimgusa bega, wakatoka.